Mama Hakuwepo Kwenye Ajali

Mama yangu alipenda gari kuliko baba, na baba ndiye aliyekuwa dereva. Kwa baba gari lilikuwa kazi tu, jembe lenye magurudumu. Kwa mama lilikuwa sherehe. Baba akisema kesho anapita kijiji cha Kate na lori la tajiri wake, mama alianza safari jioni ile ile. Khanga zinapigwa pasi ya mkaa, karanga zinakaangwa, kuku anafungwa miguu, na sisi watoto tunasuguliwa kwa maji ya moto katika baridi ya Malangali, mtaa wetu hapa Sumbawanga, ile baridi ya mwezi wa saba inayokufanya uongee meno yakigongana.

Asubuhi mama anapanda mbele, anashusha kioo, na kuanzia hapo barabara yote ni yake. Anasalimia wenye baiskeli. Anasalimia wachunga ng'ombe. Anawauliza wanawake walioinama kwenye matuta habari za ulezi wao huku lori likikimbia, na jibu likibaki nyuma kwenye vumbi hajali.

"Unamsalimia nani sasa?" baba anauliza.

"Watu."

"Unawajua?"

"Wao wananijua mimi."

Baba anacheka mpaka usukani unacheza. Anasema siku akimpa mama lori aendeshe, tutafika Kate mwaka unaofuata, maana atasimama kila nyumba kuuliza wameamkaje. Mama anamjibu kwamba hiyo ndiyo adabu ya njia, na kama shuleni hawakumfundisha basi alipoteza ada ya wazazi. Nikikumbuka safari zile, vumbi silikumbuki, wala mashimo. Nakumbuka wao wawili wakitaniana, na mimi katikati yao, nimebanwa, nina joto.

Kate ndiko mama alikozaliwa, na bibi, mama yake mzazi, alikuwa bado anaishi kule kwenye nyumba ile ile, jirani na mjomba. Honi ikilia, bibi alitoka mlangoni huku anapangusa mikono, na mama alikuwa amesharuka chini lori halijasimama vizuri. Hapo Kiswahili kilikuwa kimekwisha. Walianza Kifipa, wote kwa pamoja, hakuna anayemngoja mwenzake amalize, na sisi watoto wa mjini tuliambulia neno moja moja. Haikupita miezi miwili mama hajaenda Kate. Hata baada ya sisi kukua, mimi nimeshaanza kushona sare za shule kwenye baraza ya nyumbani, bado mama alikuwa anafunga kuku wake na kwenda kwa mama yake.

Nimeanza huko kwa sababu mtu asiyemjua mama wa siku zile hawezi kuelewa tulipoteza nini. Na sisi tuliokuwa tunamjua, jamani, tulichelewa kuelewa vile vile.

Ajali ilitokea wakati wa masika. Baba alikuwa anapandisha mchele kutoka Mtowisa, kule bondeni kwenye joto, kuja huku kwetu juu. Ile barabara imechongwa kwenye ukingo wa mlima, na mvua ikinyesha inakuwa sabuni. Juu ya magunia walikuwa wamekaa abiria, kama kawaida, maana usafiri wa bonde ni wa kubahatisha na dereva hawezi kumwacha mama mwenye mzigo njiani. Kwenye kona lori likashindwa mlima, likaanza kurudi nyuma, baba akalipigania, likamshinda. Lilipinduka. Watu walikufa pale, na wengine waliumia vibaya. Baba alitolewa kwenye kabini mbavu zimevunjika na bega limetoka mahali pake.

Siku za kwanza hospitalini alimsimulia mama kila kitu. Mara moja tu, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa sauti ndogo, mama ameshika mkono wake mzima. Halafu akanyamaza. Polisi walipokuja kumhoji aliwajibu kwa maneno ya kuhesabika, wakaenda zao, hawakurudi na shitaka lolote. Alirudi nyumbani mwili unapona, lakini mdomo umefungwa.

Sasa, kwetu mtu akipatwa na jambo, watu wanakuja kutoa pole, na pole haijakamilika mpaka isimuliwe. Mgeni anaingia, anakaa, anapewa chai, anashusha pumzi, halafu anasema: "Ehe. Ilikuwaje?" Mtu wa mbali anaweza kudhani ni umbea. Hapana. Kuuliza ndiyo heshima yenyewe. Usipouliza, umekuja kunywa chai ya watu. Na kila kundi likiingia hadithi inaanza upya, hata kama kundi lililotangulia bado limekaa, wanaisikiliza tena, wanatikisa vichwa pale pale walipotikisa mara ya kwanza.

Kundi la kwanza lilikuwa watu wa jumuiya yetu, wametoka kusali rozari. Mzee mmoja akamwuliza baba ilikuwaje. Baba akafungua mdomo. Chai ikamwagika mapajani, na yeye anaitazama tu kama imemwagikia mtu mwingine. Mama akanyanyuka, akachukua kikombe, akamfuta kwa ncha ya khanga yake.

"Mwacheni apumzike," akasema. "Nitaeleza mimi."

Basi ikawa kazi yake. Nasema kazi kwa maana halisi, kwa sababu watu walikuja wiki hadi wiki. Ndugu wa Kate, ndugu wa Malangali, madereva wenzake baba, watu wa parokia, wateja wangu wa sare. Na mama, mjue, alikuwa fundi wa kusimulia. Alijua mahali pa kushusha sauti. Alijua kunyamaza kidogo kabla ya ile kona. Alikuonyesha matope, alikuonyesha magunia yanavyoteleza, alikuonyesha mvua inavyopiga kioo, mpaka mgeni anashika kifua na chai inapoa mkononi. Wakitoka nje nilikuwa nawasikia wakiambiana: "Jamani, huyu mama anasimulia kama alikuwepo!" Mimi nilikuwa napita na sinia la vikombe, nimejaa fahari. Mama yangu huyo.

Halafu wakaja watu wa bondeni, ndugu za marehemu. Tulipowaona getini tuliogopa, tukajua ni shari. Haikuwa shari. Walitaka tu kumwona mtu wa mwisho aliyekuwa na watu wao. Walitaka kujua kama walisema neno lolote. Baba alipowaona aliingia ndani akafunga mlango, na mama akawapokea peke yake, akawasikiliza mmoja mmoja. Wao nao walikuwa na ilikuwaje zao: nani aliaga vipi asubuhi ile, nani alikuwa ameahirisha safari mara mbili, nani alikuwa anakwenda mjini kununua mabati. Mama mmoja alikuja na picha ya mwanawe. Marehemu alikuwa mwanamume mzima mwenye ndevu, lakini picha pekee aliyokuwa nayo mama yake ni ya shule ya msingi, kaptula na soksi zilizolegea. Mama yangu aliishika picha ile muda mrefu, wakalia wote wawili. Aliporudi jikoni alianza kumenya vitunguu, na mimi nikadhani ni vitunguu.

Ugonjwa wa baba kila mtu aliuona. Mfuniko wa sufuria ukianguka, alikuwa amesharuka yuko mlangoni. Wali hakugusa. Mvua ikianza kunyesha juu ya bati alitoka kitandani akakaa kwenye kiti, amevaa viatu, kama mtu anayesubiri kuitwa. Ukimpitisha kwenye barabara ya malori alitokwa na jasho katika baridi ya Sumbawanga, baridi ambayo hata jogoo anawika huku anatetemeka. Majirani walimwonea huruma, wakasema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, mpeni muda.

Wengine hawakusema hivyo, bila shaka. Alikuja ndugu mmoja, shemeji wa mbali, akanivuta pembeni akaniambia baba amechezewa, na yeye anamjua mtaalamu. Loo! Mji huu umesemwa vya kutosha na watu wa nje, kwamba Sumbawanga kila kitu ni uchawi, radi ni uchawi, kikohozi ni uchawi. Nilimwambia shemeji kwamba lori la mchele likipinduka kwenye matope halihitaji mchawi, linahitaji matope tu, na kama ana nauli ya mtaalamu basi anunue sukari, wageni wanaimaliza. Hajanisalimia vizuri mpaka leo.

Lakini mama? Mama hakuwepo kwenye ajali. Siku ile alikuwa nyumbani anapepeta ulezi. Kwa hiyo kila alichokifanya tulikitafutia maelezo, na maelezo yalikuwa mazuri, hayo ndiyo yalitupofusha. Aliacha kupika wali, tukasema anamsitiri baba. Aliacha kuimba akitwanga, tukasema anamwacha mgonjwa apumzike. Mdogo wangu akichelewa kidogo na bodaboda yake, mama alisimama getini na khanga kichwani, akimwona anamrukia kwa matusi ambayo hatukujua kama anayajua, halafu anaingia ndani hasemi tena mpaka kesho. Tukasema uchungu wa mwana. Aliamka macho mekundu. Tukasema kuuguza si mchezo. Alikaa na chakula mbele yake akakitazama mpaka kikaganda. Nikasema amechoka, na nikamkandia mabega.

Tulikuwa na methali ya mtu aliyeumwa na nyoka. Hatukuwa na methali ya mtu anayeumwa na nyoka wa mwenzake.

Wakati wa mavuno mjomba akapiga simu kutoka Kate. Bibi hali si nzuri. Miguu imevimba, pumzi fupi, anamtaka binti yake. Mama akajibu anakuja keshokutwa. Keshokutwa ikafika akasema goti linamsumbua. Akatuma sukari na blanketi kwa mtu anayekwenda. Wiki iliyofuata alisema mahindi yataoza shambani. Iliyofuata malaria, ingawa kipimo hakikuona kitu. Mjomba akapiga tena, safari hii kwa sauti ya mtu aliyechoka kubembeleza: "Njoo umwone wakati bado anakujua."

Siku hiyo mama alivaa. Tulikwenda naye stendi, mimi nimebeba kapu. Gari la Kate lilikuwa pale, linanguruma, kondakta anaita. Mama akaweka mguu mmoja juu ya ngazi. Akauondoa. Akaniambia ameacha maharage jikoni yataungua. Hakukuwa na maharage yoyote jikoni, tulikunywa uji wa ulezi tukatoka. Nilitaka kumwambia hivyo, nikamwona midomo imekuwa ya majivu. Tukarudi kwa miguu hadi Malangali, na njia nzima alitembea upande wa mbali na barabara, ameshika kapu kwa mikono miwili.

Jioni mjomba alinipigia mimi. Alisema dada yake amekuwa na kiburi cha mjini. Nilimfokea, mkubwa wangu yule, Mungu anisamehe, nikakata simu. Mwanamke aliyekuwa akisafiri na kuku kila baada ya wiki chache, mama yake anakata roho, haendi. Kwa nini? Nilikuwa na hofu moja tu siku zile, iliyonifuata mpaka kwenye cherehani: kwamba bibi atakufa, mama hajamwona, na baada ya hapo mama hatarudi tena kuwa mtu tuliyemjua.

Ilikuwa Jumapili baada ya misa. Tulikaa uani kwenye jua dogo la kipupwe tunapukuchua mahindi: mimi, mama, baba kwenye kona yake, na jirani yetu muuguzi. Huyu alikuwa mtu wa Mbeya aliyehamishiwa hospitali ya huku, Mmoravian kati ya Wakatoliki, na tulikuwa tumeshamfanya mtani. Tulimwambia mikono yake imezoea sindano, haiwezi gunzi. Yeye alitwambia kwao mahindi yana heshima, yanajipukuchua yenyewe.

Wakaingia wageni, ndugu wa upande wa baba waliokuwa wanaishi mbali na waliochelewa kupata habari. Chai ikaja. Pumzi zikashushwa. "Ehe," mkubwa wao akasema. "Ilikuwaje?"

Mama akaweka gunzi chini akaanza. Mvua. Matope. Mlima. Magunia. Nilikuwa naijua ile hadithi kama Baba Yetu, nikaendelea kupukuchua bila kusikiliza. Ndipo nikasikia: "...na yule mtoto alikuwa chini ya magunia, analia, anaita mama, kaptula yake imejaa tope, soksi moja imetoka, na hakuna mkono unaomfikia..."

"Mtoto gani?"

Ilikuwa sauti ya baba. Sote tuligeuka. Tangu atoke hospitali baba hakuwa amesema neno lolote juu ya siku ile.

"Yule mtoto," mama akasema.

"Mke wangu, hakukuwa na mtoto."

"Alikuwepo."

"Hakuwepo. Mimi ndiye niliyekuwepo."

"Mimi namwona!" Mama alisimama, mahindi yakamwagika kutoka mapajani. "Nikifumba macho namwona. Nikisikia gari namsikia analia. Pale stendi alikuwa analia chini ya gari, mimi nipande vipi? Niambie wewe, nipande juu yake?"

Wageni walitazama vikombe vyao. Mara nikaiona ile picha ya bondeni, kaptula na soksi, ndevu ambazo hazikuwemo. Sina hakika kama ni yeye. Mama mwenyewe hajui yule mtoto alitoka wapi. Lakini alikuwa amesimulia, amesikiliza, amesimulia, mpaka ajali ikamwingia na ikaanza kuzaa ya kwake.

Muuguzi alikuwa wa kwanza kusema. Aliuliza polepole, kama anayemwuliza mtu njia: "Tangu lini mama?"

"Sijui. Tangu wageni."

Na baba, ambaye kwa miezi yote ile alikaa mbali na kila mtu, alinyanyuka, akapita juu ya mahindi, akaketi chini kando ya mama. Hakumshika. Alikaa tu, bega lake bovu likigusa la mama. Nililia mbele ya wageni na sikujali.

Walipoondoka, muuguzi alituambia jambo ambalo nimelibeba tangu siku hiyo. Alisema mshtuko hauhitaji uwe ulikuwepo. Unaingia kwa macho, na unaingia kwa masikio vile vile. Alisema wao wodini wanajua: mtu hajaungua, lakini ameuguza walioungua, na siku moja anajikuta hawezi kuwasha jiko la nyumbani kwake. "Ni mimi huyo," akasema. "Nilikula viporo vya baridi mwezi mzima, nikidai napenda." Dalili za baba na za mama, akatuonyesha, zilikuwa ndugu wa tumbo moja: usingizi, kuruka, kukwepa, hasira, ukimya. Tofauti ni kwamba baba alipewa pole, mama akapewa sinia la chai.

"Mimi sina wazimu," mama akasema.

"Nani kataja wazimu? Ukiteguka mguu tunasema mguu una wazimu?"

Mama akacheka kidogo. Kicheko kibovu, kinakwaruza, lakini kilikuwa cha kwanza tangu masika.

Basi hadithi ikafungwa. Mlinzi nikawa mimi, na kazi hiyo niliiweza. Nilisimama mlangoni nikawaambia watu: "Karibuni chai, karibuni maandazi, ila ile habari imekwisha, tuulizane ya mahindi." Wako waliokasirika. Shangazi mmoja alisema tumeanza uzungu. Nikamwambia haya, ni uzungu, chukua andazi. Mama na baba wakaanza kwenda pamoja hospitali, kwa miguu, kwa mtaalamu wa maradhi ya namna hiyo ambaye rafiki yetu muuguzi aliwapeleka kwake. Walichoongea kule sikijui, na sikuuliza.

Ninachojua ni kile nilichokiona. Mwalimu mmoja jirani yetu alikuwa na gari dogo linaloegeshwa chini ya mkaratusi. Siku ya kwanza mama alisimama karibu nalo, basi. Siku nyingine alifungua mlango. Kisha akaketi, miguu nje, mlango wazi, na kwa sababu mama hawezi kukaa mikono mitupu, alikaa na ungo anachambua maharage. Mtaa mzima ulipita kutazama: mwanamke ndani ya gari lililozimwa, anarusha vijiwe vya maharage dirishani. Walimwuliza anakwenda wapi. "Kate," akajibu. "Nitafika maharage yakiisha." Nilimsikia kutoka kwenye cherehani yangu nikasimamisha mguu. Kulikuwa na mama yangu wa zamani katika jibu lile.

Mtaalamu alisema asiharakishwe. Lakini bibi hakuwa na siku za kungoja. Mjomba hakupiga simu tena, na ukimya wake ulitutisha kuliko maneno. Asubuhi moja mama akatoka chumbani amevaa, akasema leo.

"Nakwenda na wewe," baba akasema.

Mama akamtazama. Baba naye hakuwa amepanda gari tangu arudishwe nyumbani kutoka hospitali.

Mwalimu alikubali kutupeleka, akaapa ataendesha kama amebeba mayai. Mimi nilikaa mbele, wao nyuma. Sikugeuka, lakini nilimsikia baba akipumua kwa mdomo, na mama akisema Salamu Maria kwa Kifipa, anarudia katikati, hafiki Amina. Tulisimama mara nyingi sana. Kila waliposema simama, mwalimu alisimama, Mungu ambariki. Nje mashamba yalikuwa yamevunwa, upepo wa uwanda unapita juu ya mabua, anga kubwa lile la Ufipa ambalo nikiwa mbali ndilo ninaloliota. Wanawake walikuwa kando ya njia na mizigo. Mama hakumsalimia hata mmoja, na hilo liliniuma kuliko vilio.

Sehemu moja akasema hawezi tena, anashuka. Akashuka, akaanza kutembea kuelekea Kate. Baba akashuka akamfuata. Wakatembea bega kwa bega, na sisi na gari tunawafuata nyuma polepole, waendesha baiskeli wanashangaa kama ni harusi au msiba. Walitembea mpaka viatu vikawa vyekundu kwa vumbi. Kisha mama akasimama, akageuka, akaufungua mlango mwenyewe. Hakuna aliyemwita.

Bibi alikuwa hai. Alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba, amepungua mpaka blanketi halionyeshi kama kuna mtu, lakini macho yalikuwa yake. Mjomba alitoka nje bila kutusalimia. Mama akapiga magoti kwenye udongo, akashika miguu iliyovimba.

"Shikamoo, mama."

Bibi hakuitikia. Alimwuliza kwa Kifipa, taratibu, hata mimi wa mjini nikaelewa kila neno:

"Umenisamehe?"

"Nikusamehe nini, mama?"

"Sijui," bibi akasema. "Nimelitafuta kosa langu miezi yote hii nisilione. Nilijua nimekukosea jambo kubwa. Mtoto aliyekuwa anakuja kila mara hakatiki hivi hivi. Nimemwomba katekista anisalie unisamehe hata kama silijui."

Mama alilaza uso juu ya blanketi. Sauti yake ilitoka ndani ya sufu, ikawa ya msichana mdogo.

"Hukunikosea kitu. Niliogopa kupanda gari, mama. Niliogopa tu."

Bibi akainua mkono, akautafuta utosi wa mama mpaka akaupata, akauacha pale.

"Ungeniambia unaogopa," akasema. "Ningekungoja bila kujilaumu."